Merikebu ya Kiboriloni

Aikande amerudi na kiroba kutoka mnadani Kiboriloni,
kilo mbili kasorobo, shilingi elfu nane:
vipande vya plastiki, betri iliyovuja,
kichwa cha mwanasesere, na karatasi moja yenye picha.
Meli ya biashara, akasema, ya miaka mia saba nyuma,
tumbo pana kama pipa la mbege,
mlingoti mmoja, tanga la mistari.
"Babu, wewe si fundi wa matofali?
Haya ni matofali."

Nikayatazama.
Miaka thelathini na minane nimeyabeba yale ya kweli,
Majengo, Soweto, Shanty Town, hadi uzio wa shule kule Rau;
goti la kushoto ndilo lililoniambia basi.
Sasa tofali linakaa juu ya ukucha wa kidole gumba
nalo lina chunusi nane mgongoni.

Nikauliza, udongo wake uko wapi?
Hakuna.
Mchanga wa mto? Hakuna. Kibarua wa kukoroga?
Akachukua viwili, akavikandamiza: kak.
Kumbe ndoa nyingine hazihitaji mshenga.

Nikavaa miwani. Nikaomba pima maji.
Alicheka, lakini akaileta.
Nikamfundisha lile nililofundishwa kwa makofi na fundi Elinami:
kiungo kisikae juu ya kiungo,
tofali la juu liyakalie mawili ya chini
kama mtoto aliyelala katikati ya wazazi.
Ubavu ukapanda, nyekundu, njano, nyekundu, kijivu,
maana rangi hazikutosha,
ukanyooka hata ningeweza kudai malipo.

Tatizo lilikuwa pua. Aikande anaiita omo, ameisoma.
Mimi mtu wa kona.
Nyumba inageuka mara nne, unakunja kamba, unakwenda kulala.
Meli inataka kupinda kidogo kidogo
kama mtu anayekataa bila kusema hapana.
Siku mbili nilijenga na kubomoa.
Usiku wa pili, umeme umekatika, nikakumbuka
tangi la maji la misheni kule Kibosho, mwaka niliooa:
duara, kamba kwenye kigingi cha katikati,
kila kozi iingie nusu kidole, isionekane ikiingia.
Nikamwamsha mtoto. Kwa tochi ya simu
tukaivuta omo ndani, chunusi moja, chunusi moja,
mpaka pande mbili zikakutana.
Hatukusema kitu. Jogoo wa Mama Ndeshi akasema.

Mlingoti, spoku ya baiskeli.
Tanga, leso yangu ya kanisani.
Shehena, buni konzi moja na chumvi ndani ya kizibo cha soda.
Nahodha ni yule mwanasesere, kichwa tu,
kikubwa kuliko chumba chake.

Jumamosi tukajaza beseni.
Ilielea kwa muda wa pumzi moja,
kisha maji yakaingia kila kiungo, kwa utaratibu,
kama wapangaji wanaojua vyumba vyao.
Ilishuka wima, haikupinda. Buni zikapanda juu.
Aikande akanitazama kama anapima aibu yangu.
Nikamwambia, nyumba mia na kitu nimejenga,
hakuna mwenye nyumba aliyewahi kuniambia ielee.
Akacheka mpaka akakaa chini.

Iko juu ya kabati la vyombo, siku ya tatu leo,
bado inadondoshea redio maji.
Ubavuni kuna pengo la kipande kimoja.
Ameniuliza mara mbili.
Mimi jana nilikuwa kwa Mama Ndeshi, banda la kuku,
kazi ya goti moja.
Kozi ya tatu kutoka chini, upande wa nyuma,
niliacha nafasi katika udongo mbichi
nikakandamiza chekundu kimoja.
Hakikulia kak.
Kilizama kimya, kikakaa.